Injini Imefungwa Upya, Haizunguki: Yaliyonikuta na Hiace Yangu Mtwara

Nilikuta miguu minne ikitokeza chini ya gari langu. Miwili ya fundi, miwili ya kijana wake, na kutoka huko uvunguni ikaja miguno ya watu wanaong'oa kisiki. Walikuwa wamechomeka boksi spana kwenye boliti ya puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni, mpini wakauongeza kwa bomba la maji la urefu wa mita nzima, na wote wawili wanalining'inia. Puli haikutikisika. Haikwenda kidogo ikagoma, haikucheza mbele wala nyuma. Ilikuwa kama imechomelewa.

Fundi akatoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaniambia, "Mwalimu, injini mpya lazima iwe nzito. Ikipata moto itajilegeza yenyewe."

Nikamwamini. Kumwamini huko kulinigharimu shilingi 615,000 na siku 19 za gari kulala, na ndiyo sababu naandika haya. Mimi si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara, nina Hiace moja yenye injini ya 3L ya dizeli niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS, inayopiga ruti ya Mtwara hadi Mnazi Mmoja, ile njia panda ya Masasi upande wa Lindi. Kila ninachokieleza hapa nimekijua kwa kukaa kwenye kigoda chini ya mkorosho, na daftari mapajani, nikiangalia injini yangu ikifunguliwa mara ya pili.

Chanzo cha yote ni mimi. Rediata ilikuwa inavuja tangu Ramadhani na nilijua. Dereva aliniambia mara mbili, nikamwambia awe anaongeza maji asubuhi. Maji yenyewe ya kisima, na visima vya upande wetu vinajulikana kwa chumvi. Siku moja mwezi wa nane, wakipanda mlima kutoka Mikindani na abiria wamejaa, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Dereva akaona aibu kuwashusha watu mlimani, akasema afike tu juu. Alifika juu. Hapo juu injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, kisha ikazima.

Ilipofunguliwa, gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imeungua, maji yamechanganyika na oili mpaka ikawa rangi ya chai ya maziwa, pistoni mbili zimekwaruza silinda, na beringi za krenki, zile nusu duara laini inazozungukia, zimesagika. Fundi akasema ni kufanya ovahoo nzima. Nilikubali kwa sababu nilikuwa napiga hesabu za mwezi wa kumi: msimu wa korosho ukifunguka na minada kuanza, pesa inaingia vijijini na watu wanasafiri. Gari likilala Oktoba, umelala mwaka mzima.

Vifaa nilivileta kutoka Kariakoo kwa basi la usiku: pistoni, ringi, slivu (kuta za ndani za silinda), beringi, seti ya gasketi, jumla 1,150,000. Krenki na bloku, yaani mwili wa injini, vikaenda karakana ya kuchonga, 280,000. Ufundi tulikubaliana 350,000, na hapa nikafanya kosa la pili: nikampa 300,000 mkononi kabla hajakaza hata boliti moja. Fundi aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kukusubiri. Halafu ukaja mtihani wa darasa la saba, nikapangiwa kusimamia Nanyamba. Niliporudi injini ilikuwa imeshafungwa, imeshapandishwa, na viti vimerudishwa juu yake. Wenye Hiace za zamani wanajua maana ya sentensi hiyo. Injini iko chini ya viti vya mbele, inashushwa kwa chini pamoja na giaboksi, na kuitoa ni kazi ya siku nzima na watu wanne.

Walipogeuza ufunguo, stata ikatoa sauti moja tu: ta! Taa za dashibodi zikafifia. Wakasema betri. Tukaazima betri ya lori. Ta! Wakasema waya wa ethi, wakasafisha waya wa ethi. Ta! Mara ya sita au ya saba stata ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Ndipo wakaingia uvunguni na lile bomba.

Baada ya bomba kushindwa, fundi akapendekeza tuivute. Nilimlipa mwenye Canter 30,000. Tukafunga kamba, dereva wangu akatia gia ya tatu, Canter ikaondoka, dereva akaachia klachi. Matairi ya nyuma yakaganda na kuburuzika lamini kama miguu ya mbuzi anayevutwa machinjioni. Tukajaribu tena kwa gia ya nne. Safari hii puli ilizunguka kama robo mzunguko, kwa mlio ambao sitausahau, mlio mkavu wa chuma kinachomenywa. Watu wakashangilia, "Imeanza kulegea!" Ile robo, kama nilivyokuja kuonyeshwa, ndiyo iliyoharibu seti mpya ya beringi.

Ukisahau mengine yote, hili usilisahau: injini isiyozunguka kwa mkono usiipigie stata, usiivute wala usiisukume. Inakuambia kuna kitu kimebana ndani, na nguvu zaidi hazikiondoi hicho kitu, zinakisaga tu.

Jioni ile nikampigia mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa malori. Akaniambia Mikindani kuna mzee aliyekuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge huko Lindi, kwa sasa hatoki sana, lakini nijaribu. Kesho yake nikamfuata kwa bodaboda. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kitu ambacho hakuna fundi aliyekuwa amenifanyia mwezi ule, kisha akauliza swali moja.

"Mara ya mwisho kuzunguka ilikuwa lini?"

Nikasema sijui.

"Krenki ilipolazwa peke yake, ilizunguka? Pistoni ya kwanza ilipoingia, ilizunguka? Kabla hedi haijawekwa?"

Nikapiga simu kwa fundi palepale, sauti nimeifungulia. Hakujua. Hakuna aliyeizungusha hata mara moja. Walikaza yote kutoka boliti ya kwanza hadi ya mwisho, ndipo wakajaribu. Mzee akatikisa kichwa. "Basi tutaanza kumuuliza mgonjwa mwenyewe," akasema, akaenda kutafuta viatu.

Mimi kazi yangu ni kusahihisha hesabu. Mtoto akipata jibu baya mwishoni, hulitazami jibu, unarudi mstari kwa mstari mpaka uone mahali alipoteleza. Lakini hiyo inawezekana ikiwa ameandika njia. Injini yangu ilikuwa jibu bila njia.

Kabla ya kugusa spana, Mzee alinifundisha kutofautisha aina tatu za kugoma. Kuna injini nzito: inazunguka, ila kwa jasho, na uzito ni uleule mzunguko mzima. Injini yenye ringi mpya ina haki ya kuwa hivyo. Kuna inayogota: inakwenda vizuri, kisha inagonga kitu na kusimama palepale kila mara, ukiirudisha nyuma inarudi bila shida mpaka igote upande wa pili. Hiyo ina kitu njiani, mara nyingi valvu inagusa pistoni kwa sababu mkanda wa taimingi, unaopanga zamu za valvu na pistoni, haujawekwa kwenye alama zake, au nati imedondokea ndani ya silinda. Na kuna iliyobana: haiendi mbele, hairudi nyuma. Yangu ilikuwa hiyo ya tatu.

Akaongeza jambo ambalo nadhani lingewaokolea wengi kiherehere. Dizeli kama 3L ina mgandamizo wa karibu 22 kwa 1, kwa hiyo hata ikiwa nzima, kwa spana fupi utaona kama imekufa inapofika juu. Ng'oa hita plagi zote, zile za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha, kwanza ili hewa itoke. Ukizing'oa ikazunguka, hukuwa na ugonjwa. Tena kama kulikuwa na maji, oili au dizeli iliyojaa juu ya pistoni, itarukia nje kwenye matundu hayo, maana kimiminika hakigandamizwi na kinaweza kuifunga injini kabisa. Ukiwa bado kijana wa spana, usiinamishe uso juu ya hayo matundu wakati mwenzako anazungusha.

Tuling'oa. Hakikutoka kitu. Haikuzunguka.

Tukahakikisha gia iko huru. Tukang'oa stata, kwa sababu meno yake yanaweza kunasa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, yakaishikilia. Stata ikatoka safi, ila imeungua ndani, 60,000 ya kuisuka upya. Tukatoa mikanda ya nje, isije ikawa altaneta ndiyo imekwama na tunalaumu injini. Bado. Mzee akaniangalia, nikajua anachotaka kusema. Injini ishuke.

Fundi wangu wa kwanza alikuja siku hiyo. Nilitegemea ugomvi na nilikuwa nimeuandaa, nikiri tu. Alikuja kimya na kijana wake, wakashika upande wao wa injini wakashusha. Mzee hakumsema. Alimwambia tu, "Lete meza, mwanangu, na usiiweke mchangani." Gereji zetu ziko chini ya miti, na mchanga wa Mtwara ni ule mwepesi unaoruka ukipita pikipiki. Punje moja ikikaa chini ya beringi, nyuma yake kabisa ambako haionekani, inaisukuma beringi ibane krenki. Nikaenda nyumbani nikaleta khanga kuukuu mbili. Tangu siku ile, kila tulipokwenda kula au kuswali, injini ilifunikwa khanga.

Giaboksi ikatolewa, na flaiwili. Boliti za flaiwili Mzee alizipima urefu moja moja akizilinganisha, kwa kuwa iliyozidi urefu inaweza kupenya na kugusa bloku nyuma. Zilikuwa sawa. Mkanda wa taimingi ukatoka. Injini ikapinduliwa, sampu, lile karai la oili la chini, ikafunguliwa, na kwa mara ya kwanza nikaiona krenki yangu ikiwa imelala: kepu tano kubwa zimeishikilia kwenye bloku, kepu nne ndogo zinashika konrodi, zile fito zinazounganisha pistoni na krenki.

Njia yake ilikuwa ya kugawa mashaka. Akafungua kepu zote nne za konrodi, akazisukuma pistoni chini kidogo ziachane na krenki. Akashika puli. Haikusogea. "Umeona, Mwalimu? Pistoni, ringi na slivu zote hazina hatia. Tumebaki na kepu tano." Kazi ya nusu saa ilikuwa imefuta nusu ya injini. Wale wa kwanza walikuwa tayari wamesema slivu zimechongwa ndogo na bloku irudishwe karakana. Ingekuwa siku nyingine nne na pesa nyingine.

Zile tano akazilegeza moja moja, anajaribu, kisha anaikaza tena ile na kwenda nyingine. Ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili: puli ikatetemeka, ikasogea upana wa ukucha. Ya tatu, ya katikati: hakuna. Ya nne: ikatetemeka tena, kama ya pili. Ya tano: hakuna. Hakukuwa na kepu hata moja ambayo kulegezwa kwake peke yake kuliifungua injini. Mimi hapo nilikata tamaa. Mzee alitabasamu, akalegeza ya pili na ya nne kwa pamoja, akaisukuma krenki kwa kidole.

Ikazunguka. Kimya kabisa, kama gurudumu la cherehani.

Akazitoa zile kepu mbili, akazifuta, akazigeuzia juani na kuniita. Kwenye mgongo wa kila moja kuna namba imegongwa na mshale wa kuonyesha mbele ya injini. Iliyotoka nafasi ya pili ilikuwa na namba 4. Iliyotoka nafasi ya nne ilikuwa na namba 2.

Nilidhani ni kosa dogo. Kepu ni vipande vya chuma vinavyofanana kama mapacha, kwani ikikaa hapa au pale kuna nini? Mzee akanieleza kwamba kiwandani hawachongi kepu peke yake na bloku peke yake. Wanazifunga kwanza, wanakaza, ndipo wanapitisha kekee moja kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo duara la kila nafasi ni nusu ya bloku na nusu ya kepu yake yenyewe, na haliko duara na kepu nyingine yoyote duniani. Nafasi inayoachwa kati ya krenki na beringi ni tatu hadi saba za mia za milimita, kutegemea injini. Unywele wa mtu unaweza kuijaza. Kepu mgeni ikipishana hata kwa kiasi hicho, beringi inaibana krenki kama koleo. Hizo mbili zilikuwa zimeibana kila moja kwa upande wake, ndiyo maana kulegeza moja hakukutosha.

Nikamwita yule kijana wa gereji. Ana kama miaka kumi na saba. Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi kepu ulizipangaje?"

"Niliziosha zote kwenye beseni la dizeli, Mwalimu. Halafu nikazipanga zinavyofanana."

Hakuna aliyewahi kumwambia zina namba. Namba zilikuwa chini ya ukoko wa oili ya miaka, na yeye aliagizwa kuosha, akaosha. Nimefundisha miaka mingi, najua tofauti ya mtoto mzembe na mtoto ambaye hakuambiwa. Hasira yangu yote iliyokuwa imebaki ikaishia kwenye lile beseni. Kama utasimamia injini yako ikifunguliwa, chukua chaki au rangi, weka alama mwenyewe kabla kitu hakijatoka mahali pake: namba, na upande wa mbele. Piga na picha kwa simu. Mimi chaki ninazo za kumwaga, na siku ile ya kwanza hata kipande sikupeleka.

Tungeweza kuzibadilishana zile kepu na kufunga. Mzee akakataa. Akasema injini iliyofungwa bila kuulizwa lazima iulizwe yote. Hedi ikang'olewa, ikiwa na maana ya gasketi nyingine ya 85,000, na mimi nikanung'unika waziwazi. Nikanyamaza alipofika kepu ya katikati. Hapo ndipo panapokaa zile washa za nusu mwezi zinazozuia krenki isisogee mbele na nyuma. Zina mifereji upande mmoja, na mifereji hiyo inatakiwa itazame krenki ili ibebe oili mahali panaposuguana. Mbili kati yake zilikuwa zimegeuzwa, mifereji inatazama bloku. Kosa hilo halikuwa limeizuia injini kuzunguka. Lingeniacha niwashe, nifurahi, nibebe abiria, huku kila dereva anapokanyaga klachi krenki inasukumwa kwenye uso mkavu. Nilivyomwelewa Mzee, nisingeumaliza msimu.

Beringi za pili na za nne zilikuwa na mikwaruzo ya ile robo mzunguko ya Canter. Krenki yenyewe, alhamdulillah, ilihitaji kusuguliwa tu kwa msasa laini na oili. Seti nyingine ya beringi 120,000. Kabla ya kuagiza, Mzee aliomba risiti ya karakana ya kuchonga, akasoma walipunguza krenki milimita 0.25, ndipo akaniambia niagize boksi la beringi za 0.25. Kuna watu, akasema, wananunua kwanza halafu wanachonga kwa kukisia, na kuna wanaoletewa boksi la 0.50 wakalifunga bila kusoma. Hiyo nayo inabana mpaka unadhani umerogwa. Niliagiza pia kile kiuzi cha plastiki cha kupimia nafasi, mafundi wanakiita plastigeji. Unakilaza juu ya krenki, unakaza kepu, unafungua, unapima kilivyopondeka upana. Shilingi 15,000. Kilipoonyesha milimita 0.05 nafasi zote tano, Mzee aliniachia mimi nisome mwenyewe na kuandika.

Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, haikuwepo gereji nzima. Fundi wa kwanza alikuwa amekaza kwa mkono na uzoefu. Tukaazima kwa jamaa wanaotengeneza malori yanayoleta makaa ya mawe bandarini kutoka Ruvuma, tukaweka kitambulisho changu rehani.

Kufunga kulichukua siku tatu, na sheria ilikuwa moja: hakuna boliti inayofuata mpaka krenki izunguke. Beringi zikapakwa oili mbele, upande wa krenki, zikaachwa kavu na safi kabisa nyuma. Kepu ya tatu kwanza, kwa kuwa ukazaji unaanzia katikati kwenda nje, tena kwa awamu. Zungusha. Ya pili. Zungusha. Ya nne. Nilikuwa nashika pumzi kila mara. Zote tano zilipokazwa, krenki ilizunguka kwa vidole viwili, na ilipovutwa mbele na nyuma ilicheza kidogo sana, kiasi cha kupimika kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Ikikataa kucheza kabisa, washa ni nene au zimekaa vibaya.

Kabla ya pistoni, kila ringi iliingizwa silindani peke yake ikapimwa mwanya wa ncha zake. Zetu zilisoma karibu na milimita 0.40. Ncha zikikosa mwanya, chuma kikitanuka kwa joto zinagongana na ringi inajing'ang'aniza ukutani. Pistoni zikaingia zikitazama mbele inavyotakiwa, kila konrodi na kepu yake mwenyewe, maana nazo zimezaliwa pamoja. Pistoni ya kwanza: zungusha, imekuwa nzito kidogo. Ya pili, nzito zaidi. Ya nne ilipoingia vidole havikutosha tena, ilihitaji spana ya mpini mfupi na mkono mmoja. Huo ndio uzito wa halali wa injini mpya, ule ambao fundi alikuwa ananiambia tangu mwanzo. Alikuwa na neno sahihi kwa injini isiyo sahihi.

Hedi, kisha mkanda wa taimingi kwenye alama. Hita plagi bado ziko nje. Mzee akasema mizunguko miwili kamili ya krenki kwa mkono, polepole, kwa sababu kemu shafti, mhimili unaofungua valvu, inazunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili, na kila valvu lazima ipite zamu yake mbele ya pistoni. Ikigota popote, simama, usisukume. Rudi kwenye alama. Tena zungusha kwa upande inaozungukia, ukirudisha nyuma unaweza kulegeza boliti ya puli. Yule kijana ndiye aliyezungusha. Haikugota.

Siku ya kuwasha walizungusha kwanza kwa stata bila dizeli, vipindi vifupi, mpaka taa ya oili ikazima. Wakapampu dizeli kwa pampu ya mkono juu ya filta mpaka mapovu yakaisha. Ikawaka jaribio la pili, ikatoa moshi mweupe uliotufukuza chini ya mkorosho, halafu ikatulia. Rediata mpya ilikuwa imeshafungwa. Hiyo sikuihesabu kwenye zile 615,000, hiyo ilikuwa deni langu la tangu Ramadhani.

Mnaotaka hesabu nzima ya mara ya pili: beringi 120,000, gasketi ya hedi 85,000, silikoni 10,000, plastigeji 15,000, stata 60,000, Canter 30,000, oili na filta 95,000, na Mzee 200,000, ambayo alitaka kuipunguza nikakataa. Fundi wa kwanza na kijana wake walifanya kazi siku zote bila kudai, na ile 50,000 yake iliyobaki hakuitaja tena. Nilimpa nusu. Hesabu ya gari ni 45,000 kwa siku, kwa hiyo siku 19 ni 855,000 ambazo hazikuingia, na marejesho ya SACCOS hayakusubiri. Nilikopa kwa dada yangu Masasi. Dereva niliendelea naye, ila funguo hapewi asubuhi mpaka anitumie picha ya kiwango cha maji.

Mwezi wa pili mwaka huu, nikiwa darasa la tano, simu ikaita. Huwa sipokei darasani, ila niliona namba ya yule kijana wa gereji. Yuko Tandahimba sasa, amepata kazi kwa fundi mwingine. Nyuma yake nilisikia nyundo na redio.

"Shikamoo Mwalimu. Nimelaza krenki ya mtu hapa. Kepu ya kwanza nimekaza, inazunguka."

Nikamwuliza umeisoma namba. Akasema ameisoma, na chaki ameweka.

"Haya," nikamwambia, "kaza ya pili."